Mdogo wangu anaenda Watsonville, California: baridi ya huko ikoje na watu wake wakoje?

Dada wa Tukuyu

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wenu maana hapa mtaani kila ninayemuuliza ananijibu kwa kukisia tu.

Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, alisoma kilimo hapa Uyole na sasa amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo mwaka mzima huko Marekani, kwenye mashamba ya stroberi, mji unaitwa Watsonville, jimbo la California. Anaondoka Novemba. Sasa California watu wanaijua ya kwenye muvi, jua, minazi, watu wako ufukweni na kaptula, kwahiyo mama kule Tukuyu ameshaambiwa na majirani kwamba mtoto anaenda kwenye joto la Kyela na ameanza kugawa masweta yake kwa watoto wa shangazi. Mimi roho haijatulia. Nilipoangalia ramani nikaona mji uko pembeni ya bahari lakini picha zote za mashamba watu wamejifunika mpaka kichwani kama wako Isyonje saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni baridi au wanajikinga na jua, au ni nini?

La pili ndilo linaninyima usingizi zaidi. Huyu dogo hajawahi kuishi peke yake. Baba alipofariki 2019 ilikuwa usiku wa manane, lakini kunakucha uwanja umejaa watu, kuni zimeshaletwa, ndizi zimeletwa, kina mama wameshagawana zamu za kupika, hakuna aliyeitwa, walisikia kilio wakaja. Huyo mtoto ndio maisha anayoyajua. Huko akiumwa nani atajua? Kuna watu wanaoishi kama watu au ni kila mmoja na mlango wake? Mwenye kuijua hiyo Watsonville au miji ya jirani anisaidie, hata kama ni habari mbaya niambieni tu.

Mkinga Asiyeota Moto

Mwambie mama arudishe masweta hayo haraka kabla watoto wa shangazi hawajaanza kuyavaa kanisani 😂

Mimi ni wa Makete, baridi siitishwi nayo, nimekua nachunga ng'ombe asubuhi majani yameganda mpaka yanalia chini ya miguu. Lakini nilipita San Francisco mwezi wa saba mwaka 2018 nimevaa shati la mikono mifupi kwa sababu ya hizohizo muvi, aisee saa kumi jioni ulikuja upepo na ukungu kutoka baharini nikatetemeka mpaka nikanunua jaketi pale barabarani kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu sijamwambia. Muuzaji alinicheka, akasema Julai ndio mwezi wake wa mavuno, wageni wote wanakuja na kaptula. Na Watsonville iko pwani hiyohiyo, kusini kidogo tu.

Mwalimu wa Mufindi

Dada hili la hewa nikujibu mimi maana jografia ndio mkate wangu, na ukungu huku Mufindi ni jirani anayeingia bila hodi.

Kuna jambo moja watu hawalitegemei. Mvua ya huko na mvua ya Mbeya zinafuata kalenda moja. Kwetu inaanza Novemba inakata Aprili au Mei, na wao hivyohivyo, Novemba mpaka Aprili, halafu Juni, Julai, Agosti unaweza usione tone. (Tukuyu nawaweka pembeni, mvua yenu haina adabu inanyesha karibu mwaka mzima.) Hata joto lao kubwa linakuja Septemba na Oktoba, kama Mbeya ilivyo Oktoba kabla mvua haijaanza. Kwahiyo ukiangalia juujuu utasema huyu kijana anahamia Uyole nyingine.

Ila geuza upande wa pili. Kwetu mvua inakuja na joto, baridi inakuja na ukavu, Juni na Julai watu wa Njombe wamezunguka jiko la mkaa lakini jua linawaka mchana, ukikaa upande wa jua unapona. Kwao mvua na baridi vinakuja siku moja kwenye gari moja. Desemba na Januari mchana ni nyuzi 15 au 16, usiku unashuka mpaka 4, kuna asubuhi maji yanaganda, na juu ya hapo unanyeshewa. Hiyo ni baridi ya kulowana, sweta peke yake halisaidii, sweta likilowa linakuwa adui. Anatakiwa awe na koti lisilopitisha maji na viatu vya mpira, na ndani yake ndio hayo masweta ya mama.

Mtaniruhusu niingize mti kidogo. Kuna paini aina ya radiata, asili yake ni hapohapo pwani ya Monterey, ng'ambo ya ghuba ukitokea Watsonville. Ililetwa Afrika Mashariki enzi za mkoloni, ikapandwa kwa matumaini makubwa, miaka ya 1960 ikaachwa kwa sababu ya ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu. Sababu ni hiyohiyo kalenda. Kwao mti unalowa wakati wa baridi, kuvu amelala. Huku ukalowa wakati wa joto, kuvu akapata karamu. Ndio maana leo ukipita Sao Hill unakuta paini nyingi ni patula ya Mexico, ambayo kwao pia mvua inanyesha wakati wa joto. Sasa kama mti wenyewe ulishindwa kwa kugeuziwa kalenda, na kijana naye ajiandae.

Kuhusu ukungu. Sisi huku baridi tunaipanda, Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, ndio maana mtu akisikia pwani anafikiria Tanga. Watsonville iko mita kama 9 tu juu ya bahari, baridi yake haitoki mlimani inatoka majini. Kuna mkondo wa bahari unashuka kutoka kaskazini, na kiangazi upepo unasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, basi maji ya chini kabisa yanapanda kuziba nafasi, na maji hayo ni barafu tupu, nyuzi 12 mpaka 15 katikati ya kiangazi. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa inageuka ukungu. Wakati huohuo bonde kubwa la ndani ya California linapikika, nyuzi 35 mpaka 38, hewa ya huko inapanda juu na kuuvuta ule ukungu uingie nchi kavu, kama mtu anavyovuta moshi wa sigara. Asubuhi kijivu mpaka saa nne, tano, mchana unafunguka, jioni unarudi. Julai mchana inafika 21 au 22 basi. Na ukivuka vilima kwenda Gilroy, kilomita kama 30 kwa barabara, unakuta nyuzi 30 na kitu, ni kama utoke Isyonje na koti ushuke Kyela ulivue.

Wetu wa Mufindi una kazi tofauti, upepo wa kusini mashariki unagonga ukuta wa milima unapanda unapoa, tunapata chai. Wao wanapata stroberi. Stroberi hapendi joto, ukungu ule ndio unaomfanya aendelee kuzaa kuanzia Aprili mpaka Oktoba wakati sehemu nyingine mmea umeshachoka. Kwahiyo dada zile picha za watu waliojifunika, jibu ni vyote viwili. Asubuhi wanajikinga na baridi, mchana jua, na vumbi wakati wote.

Kabwe Stendi

Mwalimu umemaliza mvua yote, hongera. Mimi nimjibu dada lile la pili kwa ukweli maana huku watu wanapenda kupaka mafuta. Undugu Marekani HAKUNA. Binamu yangu yuko Texas mwaka wa nane, jirani yake hamjui jina. Ukiumwa unajiuguza, ukifa wanakukuta kwa harufu. Dogo aende atafute pesa arudi, hayo ya uwanja kujaa watu asahau kabisa, na mumwambie mapema asije akalia kwenye simu kila siku.

Mnyalukolo Aliyerudi

Kamwene dada, na wote humu.

Nimeishi hapohapo, bonde linaitwa Pajaro, nilifika 2020 nikarudi Iringa 2024, nilikuwa kwenye ghala la kupozea matunda. Kwahiyo naongea kitu nilichokikanyaga.

Kaka wa Kabwe, Texas na Watsonville mbona ni kama Dar na Ludewa. Nakubali mlango upo. Mwezi wangu wa kwanza niliumwa siku tatu hakuna aliyejua, nilikunywa maji ya bomba nikalala. Siku ya nne alikuja mama mmoja wa Kimeksiko tuliyekuwa tunapanga naye maboksi, aliniuliza kwa Kispanyola sikuelewa, akarudi jioni na sufuria ya supu ya kuku na mahindi, akakaa mpaka nimemaliza, akaondoka na sufuria yake. Tangu siku hiyo nilikuwa na mama. Ila angalia ilivyokuwa, huku kwetu watu wanasikia kilio wanakuja, kule lazima uwe umeshajuana nao kwanza ndio kilio chako wakisikie, na kujuana huko kuna lugha yake.

Lugha yenyewe ndio hii dada, mwambie dogo Kiingereza chake ni kizuri lakini aanze KISPANYOLA leo. Mji ule una watu elfu 50 na kidogo, na zaidi ya 80 katika kila mia wana asili ya Kilatino, wengi wametoka Michoacán na Oaxaca huko Mexico, na wale wa Oaxaca wengine hata hicho Kispanyola ni lugha ya pili, nyumbani wanaongea Kimixteco. Nilipowasikia mara ya kwanza nikawakumbuka wazee wetu wanaokuja hospitali ya mkoa na Kihehe chao wanatafuta mtu wa kuwatafsiria. Ukisema buenos días kwa lafudhi mbaya ya Kalenga wanacheka, halafu wanakukaribisha tortilla.

Kanisa litamsaidia sana, Jumapili misa za Kispanyola zimejaa mpaka nje. Kuna ziwa dogo linaitwa Pinto, pana mti mmoja wa mwaloni, mwaka 1992 mama mmoja alisema ameona sura ya Bikira Maria kwenye gome lake, mpaka leo watu wanapeleka maua na mishumaa. Mimi ni Mlutheri lakini nilienda, maana pale ndio unakutana na watu hawana haraka. Na mpira, Jumapili jioni kila uwanja una mechi. Hapo kuna angalizo, makundi ya vijana ya huko yanagawana rangi, nyekundu na bluu, kwahiyo jezi ya Simba aiache nyumbani, avae ya Mbeya City, zambarau haina mwenyewe 😂

Kabwe Stendi

Supu moja ya kuku ndio undugu? Kaka hebu kuwa siriazi. Mtu mmoja mwema yupo kila mahali hata gerezani. Mimi nauliza MJI, siku shida imekuja mji unasimama au unakimbia?

Mnyalukolo Aliyerudi

Hapo umeuliza swali, na bahati mbaya nilikuwepo shida ilipokuja.

Machi 2023 mvua ilipiga mfululizo tangu mwisho wa Desemba, ile mvua ya baridi aliyoisema mwalimu, inakuja kama mto angani kutoka bahari ya Pasifiki. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11, saa sita hivi, tuta la mto Pajaro likapasuka. Upande wa pili wa mto kuna kijiji chenye jina hilohilo la Pajaro, watu kama elfu tatu, wengi ni vibarua wa stroberi, maji yaliingia ndani ya nyumba watu wakatolewa na maboti na malori ya jeshi. Tuta lile lilijengwa 1949, na lilishawahi kuwashinda, 1995 maji yaliingia kijijini hapohapo. Serikali ilijua kwa miaka mingi kwamba ni bovu, lakini kila wakipiga hesabu ya gharama na faida inaonekana nyumba za pale ni za watu wa kipato cha chini, thamani yake ndogo, kwahiyo ilikuwa haifikii kiwango cha kutengewa pesa. Soma tena hiyo sentensi kaka. Yani maji yalifuata umaskini.

Sasa umeuliza mji ulifanyaje. Watu walipelekwa kwenye viwanja vya maonesho vya kaunti, vipo Watsonville upande wetu, fikiria viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya vimejaa familia na magodoro. Sisi ghalani hatukuwa na kazi maana mashamba yamejaa tope, na nilichokiona ni hiki, kina mama waliokuwa hawana kazi wiki hiyo wenyewe, wasiojua kodi ya mwezi ujao itatoka wapi, ndio walikuwa wanapika. Mabibi wamekaa wanakanda unga kwa ajili ya watu ambao hawawajui. Wengi wa wale waliofurikiwa hawana vibali vya kuishi kwahiyo misaada ya serikali kuu hawaruhusiwi kuigusa, kilichowashika ni kanisa, walimu wa shule na hao mabibi. Nilikata vitunguu siku nne. Niliwakumbuka watu wetu wa mgowe, unaenda kulima shamba la mtu huulizi atakulipa nini, unajua zamu yako itafika.

Na hilo halikuanzia mafurikoni. Mwaka 1989 Oktoba 17 tetemeko la 6.9 lilipiga, kitovu chake kwenye milima hapohapo juu ya mji, katikati ya Watsonville majengo ya matofali yalimwagika, watu wakaogopa kurudi ndani wakalala kwenye mahema bustanini wiki na wiki, wanapika pamoja. (Wa Mbeya tetemeko mnalijua, mmekaa juu ya bonde la ufa.) Kabla ya hapo, Septemba 1985, wafanyakazi wa kiwanda cha mboga za kugandisha, karibu elfu moja na wengi wao wanawake wa Kimeksiko, walikatwa mishahara wakagoma. Walikaa nje miezi 18, mpaka Machi 1987. Miezi kumi na nane bila mshahara na watoto nyumbani, na wazee pale wanasimulia mpaka leo kwamba hakuna hata mmoja wao aliyerudi ndani kinyemela. Mwishoni walitembea kwa magoti mpaka kanisani. Ukikaa na bibi yeyote pale mjini kahawa ya pili lazima ifike kwenye mgomo.

Hata hospitali yao. Desemba 2021 hospitali ya mji ilitangaza kufilisika, ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na kwa vibarua wengi ndio ilikuwa ya karibu. Wakaanza kuchangishana, kaunti, jimbo, mashirika, watu binafsi, zikatimia dola zaidi ya milioni 60, Septemba 2022 ikawa mali ya umma. Machi 2024 wakapiga kura wakakubali kuongezewa kodi ya majengo kwa ajili yake. Watu waliopiga kura wajikate wenyewe kaka, mimi huku sijaona hata mtaa unaokubali kuongeza mchango wa maji.

Ila sitaki nipake mafuta kama ulivyosema. Mji ule ulishamwaga damu ya wageni, Januari 1930 vijana wazungu waliwawinda Wafilipino siku kadhaa wakaua mmoja. Wajapani waliolima stroberi bonde lile waliondolewa 1942 wakapelekwa makambini jangwani. Kwahiyo huo umoja unaouona ni wa watu ambao wenyewe, au babu zao, walishawahi kukataliwa hapohapo.

Na kodi ya nyumba ni balaa. Mwaka 2023 eneo la Santa Cruz na Watsonville lilitajwa kuwa na kodi ngumu kuliko yote Marekani ukilinganisha na kipato. Unakuta familia mbili tatu ndani ya nyumba moja, mtu anaishi gereji. Ukungu uleule unaofanya hewa iwe nzuri ndio umewaleta matajiri wa kompyuta wanaokimbia joto na bei za ndani. Dogo kabla hajasaini chochote aulize malazi ni ya nani, yako wapi, yanakatwa shilingi ngapi kwenye posho, na yupo na nani chumbani. Hilo aulize KWA MAANDISHI. Mimi niliahidiwa chumba, nikapewa kochi.

Kabwe Stendi

Sawa, hiyo ya mgomo nimeikubali. Miezi 18! Sisi bajaji tuligoma siku mbili pale Mwanjelwa, ya tatu nikapishana na wenzangu wamebeba abiria.

Mama Parachichi

Wanangu hamjambo. Mimi nina ekari tatu za parachichi hapa Rungwe, naomba niongeze moja maana nyote mmesahau anaenda kusoma.

Hii Hass tunayoiuza kwa makampuni mnajua ilikotoka? Ni California hiyohiyo, sehemu ya kusini karibu na Los Angeles, alikuwa posta tu yule bwana, Rudolph Hass, akapanda mbegu nyuma ya nyumba yake miaka ya 1920, mti ukakataa kubebesha akataka kuung'oa, ukaja kuzaa tunda jeusi lenye magamba, akaliandikisha 1935. Leo linalipia ada watoto wa Tukuyu. Kwahiyo tusiende kule kama tunaenda kuona miujiza, tunda lao tumeshalilea sisi.

Ninachokitaka kwa huyo kijana ni kupoza. Stroberi ni laini kuliko parachichi mara kumi, na bado wanaitoa shambani asubuhi, ndani ya saa chache imeshaingia kwenye chumba wanakovutia hewa ya baridi ipite katikati ya maboksi mpaka inakaribia nyuzi sifuri, kisha inapanda lori inavuka Marekani nzima siku nne tano ikiwa nzima. Sisi parachichi tunazirundika kivulini chini ya mgomba tunasubiri gari la mnunuzi, likichelewa siku mbili nusu linarudishwa wanasema limeiva. Huyo kijana asiishie kuchuma. Achore lile chumba, aone boksi limetobolewa wapi, feni imewekwa upande gani, na umeme ukikatika wanafanyaje. Akirudi nitampa chai na mti mmoja nimchagulie.

Mnyalukolo Aliyerudi

Mama shikamoo. Feni iko upande mmoja inavuta, maboksi yamepangwa mistari miwili katikati pana nafasi kama korido, juu wanafunika turubai ili hewa isipite njia ya mkato. Nilivuta hilo turubai miaka mitatu, njoo inbox nikuchoree.

Dada wa Tukuyu

Marahabaa na ndaga fijo wote, sikutegemea majibu haya. Nimeyasoma kwa sauti kwa simu na mama akiwa jikoni, ilichukua vocha yote.

Mambo ya kalenda mwalimu nimeyaelewa kwa mara ya kwanza maishani na mimi nimezaliwa kwenye mvua. Dogo nimeshamtuma Mwanjelwa kutafuta koti la mpira la mitumba na gambuti, amepata koti la elfu 18 lina jina la timu ya wavuvi huko kwao wazungu. Malazi ameandika barua pepe leo, na Kispanyola ameanza, usiku mzima anasema buenos días chumbani mpaka mwanangu wa miaka mitatu naye amedaka.

Kuhusu simu kaka wa Kabwe tumeshapiga hesabu, wao wako nyuma yetu saa kumi, na wakirudisha saa nyuma Novemba zinakuwa kumi na moja, kwahiyo sisi tukiwa saa mbili usiku yeye ni saa tatu asubuhi yuko shambani. Tumekubaliana apige Jumapili tu akitoka kanisani, mama atakesha, anasema alishakesha kwa mengi.

Mama amerudisha masweta mawili kati ya manne, mawili shangazi amekataa kuyatoa anasema zawadi hairudi. Ila iliyomfurahisha zaidi ni ya Mama Parachichi. Alikuwa ameshafunga parachichi sita kwenye khanga ampe mtoto akawape wenyeji wake, nikamwambia uwanja wa ndege watazitupa, matunda mabichi hayaingii Marekani. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema basi akawaambie kwa mdomo kwamba la kwao lipo huku, halijambo.